Baba Hatoki Jukwaani

Sura ya Tisa

"Mufanye sawa ile siku ya mardi, siku ya moto," Inspekta Firmin Kyembe aliwaambia wachezaji. Akavua saa mkononi na kuiweka juu ya goti. "Paka vile vile, vile vile tu. Mwenye alikaa, akae. Mwenye alitoka, atoke."

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja unusu ya jioni, ndani ya ukumbi wa parokia. Baridi ya Juni ilikuwa imeshaingia Likasi, mji ambao kwenye karatasi za serikali uliitwa Jadotville, na watu wanane wa kundi la maigizo walisimama jukwaani wakijikunyata kama waliokuja kupimwa na daktari. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheza. Mwenzao wa tisa alikuwa mahabusu.

Huyo wa tisa aliitwa Urbain Tshibangu, fundi cherehani. Jumanne ya wiki iliyopita duka la Mgiriki karibu na reli liliungua saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na mlinzi wake, mzee Théodore, akapatikana ndani, fuvu limevunjwa. Kesho yake walimkamata Urbain, ambaye alishonea kwenye baraza la duka hilo hilo. Ushahidi ulikuwa wa namna mbili: aligombana na mzee kuhusu mahali pa kuweka cherehani, na alikuwa Muluba wa Kasai. Katika Katanga ya mwaka ule wa 1961, iliyojitenga na Kongo, yenye bendera mpya na stempu mpya, ushahidi wa pili ulitosha peke yake. Ijumaa asubuhi lori lingempeleka gereza la Buluo kungoja mahakama ya kijeshi, na wote mjini walijua mahakama ile ilikuwa na haraka.

Firmin hakuwa mpenzi wa Waluba, na hakuwa mpenzi wa maigizo. Alichochukia kupita vyote viwili ni jalada lililofungwa vibaya. Urbain aliapa kwamba saa ya moto alikuwa kwenye mazoezi. Basi na yaonekane hayo mazoezi.

"Monsieur l'Inspecteur," alisema Léon Mwewa, mwalimu wa darasa la sita na kiongozi wa kundi, "tutafanya, mais maneno haitakuwa paka moja."

"Namna gani haitakuwa moja? Hamuna kitabu?"

"Kitabu iko. Bachezaji hawakishikake mu kichwa."

Ikabidi Léon aeleze. Mchezo ule aliupata ndani ya kabati la mapadri, kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoandikwa zamani katika nchi za theluji. Kisa kilikuwa cha baba mmoja mwenye heshima zake. Ujanani aliiba wosia, akamuua mzee aliyelinda ofisi, na mtu mwingine akanyongwa kwa kosa hilo. Miaka inapita, watoto wanalishwa, wanasomeshwa na kuozwa kwa wizi ule, mpaka jioni moja mwana wa aliyenyongwa anabisha hodi. Léon aliwasimulia wenzake kisa mara mbili, wakagawana wahusika, basi. Maneno kila mmoja alijitilia mwenyewe, leo hivi, kesho vingine, mradi kisa kifike mahali pake. Kwenye kambi ya wafanyakazi hawakujua kucheza namna nyingine, na aliyekariri wangemcheka kwamba anasoma katekisimu.

"Bien," alisema Firmin, ambaye hakuona chochote chema. "Muanze."

Wakaanza. Léon alishika nafasi ya Urbain, yule mgeni anayebisha hodi. Mke wa mwenye nyumba alichezwa na Colette, ambaye ndiye mke wa Urbain hasa. Macho yake yalikuwa yamevimba, na alipotakiwa kucheka alicheka kwa meno tu. Katikati, kwenye kiti kikubwa cha mapadri, aliketi Georges Kilufya akicheza baba. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, kapita, yaani msimamizi, wa karakana na katekista wa siku nyingi, mtu ambaye vijana walizima sigara wakimwona anakuja.

Katika sehemu ya pili mgeni alitoka nje. Firmin akatazama saa: kumi na mbili na dakika kumi. Mgeni aliporudi ilikuwa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Kutoka ukumbini hadi kwenye duka ni dakika kumi kwa miguu, na saba kwa mtu mwenye haraka.

Alisimamisha mchezo. "Mu hizi dakika makumi mbili na tano, Tshibangu alikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukumbi, anavuta sigara," Colette alijibu upesi.

"Nani alimuona?"

Walitazamana. Hakuna aliyemwona. Colette alifungua kinywa ili adanganye, na Firmin akamwinulia kidole kabla hajajiharibia.

"Nani tena alitoka?"

"Hakuna," alisema Léon. "Minye nilikuwa na balampe, mataa ya jukwaa. Papa Georges hawezi kutoka. Mu huu muchezo baba hatoke, Monsieur l'Inspecteur. Anakaa mu kiti tangu mwanzo mpaka mwisho, bengine bote njo banamuendea."

Firmin aliandika hivyo, neno kwa neno, na saa pembeni. Alikuwa amekuja kumtafutia Urbain pa kutokea, na sasa alikuwa amepata jioni iliyokaa sawasawa kwa mwendesha mashtaka. Alitamani kukifunga kile kijitabu na kwenda zake. Lakini alisema wacheze hadi mwisho, kwa sababu alikuwa amesema hivyo mwanzoni, naye hakupenda kujirudi mbele ya watu.

Sehemu ya nne ndiyo ya kuungama. Georges hakusimama. Aliweka mikono magotini na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na sakafu.

"Batoto yangu, muzee haikuwe nalala. Nilikuwa nawaza eko nalala. Alikuwa anakaa, muguu ya kushoto mu basani, mu maji ya chumvi, juu musumari ilimutoboa. Aliniangalia. Akaniita na jina yangu. Akasema, mwanangu, ni weye? Njo pale nilimupiga."

Colette alilia, na safari hii hakuwa anacheza. Wengine waliguna kwa kuridhika, maana Georges alijua kazi yake. Firmin alikuwa ameacha kuandika.

Mwili wa mzee Théodore uliungua wote isipokuwa mguu wa kushoto. Mguu huo ulikutwa ndani ya beseni, umeokolewa na maji, na chini ya unyayo palikuwa na jeraha bichi la msumari. Waliojua jambo hilo walikuwa watatu: daktari, komisari na yeye. Karatasi ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yake, na ufunguo mfukoni mwake. Hata mjane wa mzee, mama Eugénie, alikabidhiwa kuzika sanduku lililokwisha pigwa misumari.

Aliwaambia asante, wanaweza kwenda. Kisha akamshika Léon mkono.

"Nionyeshe pale mu kitabu."

Léon alitafuta ukurasa na kuutafsiri kwa kidole. Mzee amelala karibu na moto, na paka yuko pembeni yake. Beseni halikuwemo, wala msumari.

"Basani ilitoka wapi?"

"Njo vile tunachezaka. Kila muntu anatia yake."

"Alianza kuitia siku gani?"

Léon hakukumbuka. Aliyejibu ni Colette, aliyekuwa mlangoni akijifunga kitambaa kichwani. "Ni samedi, siku ine nyuma ya moto. Mbele ya ile siku alikuwa nasema tu muzee eko nalala na paka yake. Samedi akasema basani. Tulimupigia na makofi." Akamtazama Firmin usoni. "Juu ya nini unauliza juu ya basani? Bwana yangu njo ataenda vendredi."

"Nauliza paka kuuliza, mama."

Alilala vibaya. Huenda daktari alilewa akasema. Huenda komisari alimsimulia mkewe mezani, na mpishi akasikia. Kituo huvuja, kila mtu anajua. Lakini neno moja la Georges halikuweza kuvuja kutoka kituoni, kwa sababu kituoni halikuwepo. Ripoti ilisema maji. Haikusema chumvi.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya majivu ya duka, akizungumza na Marceline, aliyeuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele ng'ambo ya barabara.

"Muzee Théodore alikuja kwako ile siku?"

"Alikuja, maskini. Saa kumi hivi. Anatembea na kisigino. Aliniomba chumvi."

"Ya kula?"

"Ya muguu! Musumari ya sanduku ilimuingia mu kiatu. Nilimupatia ya kujaza mukono. Nikamuambia, tata, rudia kwako. Akasema akirudia bibi yake ataanza makelele."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza? Police haikuulizaka muntu wa samaki."

Firmin alimeza hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliyejua chumvi ni yule aliyefika pale baada ya saa kumi, akazungumza na mzee au akaonja maji yake. Georges Kilufya alijua. Na Georges Kilufya, kwa maandishi ya Firmin mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mapadri mbele ya watu wanane.

Basi alisimuliwa. Na mtu hasimulii jambo la namna hiyo kwa kila anayepita.

Alimkuta Georges nyumbani, kwenye safu ya nyumba za matofali za wafanyakazi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya kifua. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi, usafi wa mwanamume anayeishi peke yake na anayeogopa kusemwa. Ukutani palikuwa na picha ya kijana mwenye sare na vyeo vya sajini. Kitandani palikuwa na blanketi jipya la kijivu.

Firmin aliketi bila kukaribishwa, akainua pindo la blanketi kwa vidole viwili. Limepindwa kwa uzi mwekundu. Mgiriki alimpa Urbain mablanketi ishirini siku ile ile ya moto, akiwa hana uzi mwingine ila mwekundu, na Urbain akamaliza kuyapinda saa tisa. Yote ishirini yaliandikwa kwamba yameungua.

"Hii bulangeti, Papa Georges?"

"Mutoto njo alinipatia. Germain. Juu ya baridi." Alisema kwa kiburi kidogo cha baba, kisha akauona uzi kama Firmin alivyouona. Firmin alimtazama akiuona. Katika miaka kumi na moja ya kazi hiyo hakuwahi kumwona mtu akizeeka haraka namna ile. Kumbe mzee hakuwa amejua kwamba alikuwa akiilalia hatia yenyewe.

"Alikuambia siku gani?"

Georges alilikunja lile pindo, uzi usionekane.

"Ni ile mardi yenyewe. Ulitoka mu muchezo, ukamukuta hapa, analia. Ni vile?"

"Eye na benzake balienda kuiba," alisema Georges hatimaye. "Balijua muzee anarudiaka kwake mangaribi. Hakurudia. Muzee alimufundisha Germain kupanda baiskeli, Monsieur l'Inspecteur. Alimuita na jina."

"Naenda mu kambi ya jeshi."

"Uende."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayemruhusu mgonjwa ajaribu dawa nyingine.

Firmin hakwenda kambini. Alikwenda kwanza kwa komisari, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyotaka. Komisari, Mbelgiji mwenye mafua, alisikiliza hadi jina la Germain Kilufya, kisha akachukua kalamu na kuanza kusaini barua nyingine. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamejaa nchini, alisema, na vita inanukia. Siku hizo hakuna mwenye sare atakayetolewa kambini kwa ajili ya fundi wa Kasai na beseni moja. Kuna jina jingine? Hakuna? Basi orodha ya kesho ibaki ilivyo. Lori ni saa moja kamili.

"Na kama muntu ataungama?" Firmin aliuliza, bila kujua kwa nini anauliza.

"Asiye na sare?" Komisari aliinua uso. "Karatasi iliyosainiwa ni karatasi."

Alipotoka, Georges alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa kituo. Alivaa koti lake la Jumapili, na blanketi lilikuwa limekunjwa magotini.

"Andika," alisema.

Firmin alimvuta hadi ofisini na kufunga mlango. "Weye hukuwe kule. Iko mu kitabu yangu, na saa. Baba hatoke."

"Atatoka. Uambie Léon."

"Papa Georges, hii ni mahakama ya basoda. Hii haiko muchezo. Unajua namna inaishaka?"

"Najua."

"Germain anajua umekuja huku?"

"Hajue. Leo mangaribi atajua." Georges alilipapasa blanketi. "Na atanyamaza. Njo hii inaniuma. Alilia paka ile siku moja. Asubuhi alikunywa chai."

"Basi juu ya nini unamufia?"

Georges aliliweka blanketi mezani. "Usiniwekee heshima, Monsieur l'Inspecteur. Tshibangu eko mu kasho tangu siku nane, na minye najua, na minye naongoza rozari. Hii si ya Germain, ni yangu. Nilishindwa kusema ku padri. Nilishindwa kusema kwenu. Mu muchezo njo kinywa ilifunguka. Samedi, mardi, jana. Nikawaza, leo muntu mumoja atasikia. Balinipigia makofi." Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kusikia. "Nilimulea minye mwenyewe. Mama yake alikufa akiwa mudogo. Chakula yote alikula, ni minye nilimupatia. Kama iko na kitu mubaya mu roho yake, ilitoka wapi? Andika."

Firmin alikaa mbele ya taipu. Alikuwa na njia mbili, na alizijua vizuri kuliko alivyopenda. Akiandika kweli, karatasi ingeingia kwenye mtoto wa meza wa komisari, na Urbain angepanda lori. Akiandika uongo, Urbain angelala kwake, katekista angepigwa risasi, na sajini angeendelea kupigiwa saluti. Alijichukia kwa sababu uamuzi haukumchukua hata dakika moja.

Alichana ukurasa wa saa kutoka kijitabu chake, akautia mfukoni na kuandika.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya ufundi. Georges aliungama vizuri, bila kujikwaa, na Firmin alimsahihisha palipohitajika: mlango wa nyuma, si wa mbele, chuma cha kufungulia masanduku, si fimbo. Léon aliitwa, akaambiwa kwamba siku ile taa ilizimika wakati wa sehemu ya pili, na kwamba hawezi kuapa nani alikuwa kitini.

"Taa haikuzimika," alisema Léon.

"Ilizimika, moniteur."

"Mais minye nilichagua huu muchezo juu unasema kweli. Njo juu ya ile tu."

"Saini."

Mwalimu alimtazama Georges, na Georges akatikisa kichwa kukubali. Alisaini kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Colette hakuhitaji kubembelezwa. Aliposikia kwamba Papa Georges ameungama, alikamata kalamu kama anayemnyang'anya mtu kisu, akasaini, akauliza mumewe anatoka saa ngapi. Hakumtazama tena aliyekuwa mume wake wa jukwaani. Firmin hakumlaumu, lakini ilimchoma.

Ijumaa, saa moja kasoro dakika kumi, lori lilikuwa limewashwa uani. Komisari alikuwa amefuta jina moja na kuandika jingine, bila kuuliza chochote. Hakulipenda jina jipya, jina la mtu wa kwao Katanga, lakini karatasi iliyosainiwa ni karatasi. Firmin alimtoa Georges ofisini, mikono imefungwa pingu kwa nyuma. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukumbi, Urbain Tshibangu alitolewa mahabusu.

Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limefunga. Wenzake Firmin walikuwa wamelishughulikia hilo katika siku mbili za kwanza. Colette alikuwa amemshika mkono na kumnong'oneza jina. Urbain alisimama.

"Ni weye?" aliuliza. "Papa Georges?"

Georges alilitazama lile jicho lililofunga.

"Ulikuwa nakaa mu kiti yako kila siku. Unasema na bibi yangu, unakula naye muchana. Unamuambia pole. Na minye niko naoza mule." Sauti yake ilipanda hadi ikakatika. "Ulinibatizia mutoto!"

Firmin alikuwa na sentensi moja kinywani. Ilikuwa fupi, ya maneno manne au matano, na ingemfanya Urbain aanguke magotini pale pale. Ingemrudisha pia mahabusu kabla lori halijaondoka. Georges alimgeukia Firmin kidogo tu, kama anavyofanya baba kwa mtoto anayetaka kusema mbele ya wageni, na Firmin akaimeza.

Urbain alisogea mpaka walipokaribia kugusana, akamtemea mate usoni.

Hakuna aliyemzuia. Colette alimvuta mumewe kwa mkono, wakatoka kwenye jua la asubuhi, na Georges akabaki pale na mate yakimteremka shavuni, maana mikono ilikuwa nyuma. Firmin alitoa leso na kumfuta, taratibu, chini ya macho na kwenye ndevu. Askari mmoja wa lindo alicheka na kusema inspekta amekuwa yaya.

"Aliumia sana ile jicho?" Georges aliuliza.

"Itapona."

"Bien," alisema Georges, na akatembea kuelekea lori bila kusukumwa.